Mchele wa Harusi na Bei ya Mtani

Mtu aliyekuwa akituletea vyakula nyumbani alikuwa mwongo wa kutupwa, na sie tulimpenda kwa uongo wake huo huo. Alikuwa Mnyamwezi, mtu mzima mwenye mke na watoto, mabega mapana, akifanya kazi kwa Mhindi mwenye duka pale Kinondoni. Sie Wazaramo. Kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mlangoni kwako, kukuchukulia kitoweo jikoni na kukudanganya mchana kweupe, na wewe ukikasirika ndiye mwenye makosa.

Tulikaa Mwananyamala. Siku hizo Mwingereza bado yupo na bendera yake, na Mwananyamala ilikuwa minazi na mikorosho, nyumba moja hapa, nyingine kule, na njia za mchanga unaozamisha mguu. Kwenda dukani na kurudi na mzigo kichwani ilikuwa adhabu. Basi mama alikuwa akipita kwa Mhindi anaagiza anachotaka, wanapatana bei, na kesho yake mtani anakuja na mkokoteni: sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta ya taa, sabuni ya mche. Pesa analipwa pale pale mlangoni, anampelekea tajiri wake. Ndivyo tulivyoishi tangu baba alipofariki, mie nikiwa mdogo.

Sasa huyo mtani, hakuna siku aliyofika na bei ile ile ya dukani. Hakuna! Alikuwa anasimamisha mkokoteni, anapangusa jasho, na badala ya kupiga hodi anasema kwa sauti ya mtaa mzima:

"Hamjafa tu nyie Wazaramo?"

Mama anamjibu toka jikoni, "Tunakungoja wewe utangulie, tuje tule wali wa matanga yako!"

Halafu inakuja bei. Leo sukari imepanda, tajiri kasema Mzaramo alipe mara mbili maana akipima kikombe kimoja analamba kingine. Kesho chumvi haiuzwi tena kwa pesa, inauzwa kwa mbuzi. "Leteni mbuzi!" anasema, na kaishikilia chumvi kifuani. "Mbuzi wa nini tena," mama anamwambia, "na wewe umeshafika?" Weee! Majirani wanatoka nje kusikiliza. Wanatupiana maneno mpaka wote wawili wamechoka kucheka, kisha mama analipa bei ile ile aliyopatana na Mhindi, mtani anakunywa maji ya mtungini, anageuza mkokoteni wake, anaondoka huku bado anatutukana. Mie nilikuwa naingoja siku ya mzigo kuliko siku ya sikukuu.

Jambo moja nilizoea mpaka nikawa silioni. Mama alimzidi umri yule mtu, na kwetu mdogo humwamkia mkubwa, hilo halina mjadala. Lakini yeye hajapata kumwamkia mama hata siku moja. Matusi ndiyo yalikuwa salamu yake, na mama asingekubali nyingine.

Ulipofika mwaka wa kuolewa kwangu nilikuwa mwali, nimefungwa ndani. Mwanamume mwenyewe alikuwa kijana wa Kinondoni, fundi cherehani. Nilikuwa nimemwona kwa kuibia, kwenye upenyo wa dirisha, alipokuja na wazee wake kuleta posa. Nilimtaka. Nasema bila haya, maana sasa mie ni bibi kizee na sina wa kumwonea haya. Nilimtaka mpaka nikilala naota cherehani inalia.

Tatizo lilikuwa shangazi yake. Ndiye aliyemlea, ndiye mwenye nyumba ya bati, na ndiye mwenye neno la mwisho. Kwetu hakupapenda. Alisema mwanamke mjane wa Mwananyamala, anayesuka mikeka na kuuza nazi, hawezi kumfanyia harusi mtoto wake. Na hakuwa mtu wa maneno matupu, kwani alikwishavunja posa ya kijana wake mwingine kwa sababu ya chai isiyo na sukari ya kutosha. Akamtuma mtu kwa mama: "Ijumaa nakuja na watu wangu wote. Naingia jikoni kwanza, nafunua masufuria. Nikiona chakula cha kuchungulia, naondoka na kijana wangu kabla shehe hajafungua kinywa."

Mama alipopewa salamu hizo alitema mate ya tambuu, akasema, "Aje." Akakodisha minazi yote aliyoachiwa na baba, mazao ya mwaka mzima yachumwe na mwingine. Akaenda kwa Mhindi, akaagiza magunia mawili ya mchele, debe la samli, sukari na viungo vyote vya pilau. Wakapatana bei, akaambiwa Alhamisi mzigo utafika mlangoni. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha mzigo huo, haikubaki ya kununulia hata kiberiti. Kukopa alikuwa hakopi, aliapa hivyo siku aliyomaliza eda.

Alhamisi hiyo! Sijui niieleze vipi. Nyumba ilijaa wanawake mpaka uani. Ndugu wa mama walikuwa wamekuja kutoka Bunju na kuni na nazi, wengine wanatwanga viungo, wengine wanakuna nazi, wengine hawafanyi lolote wanaimba tu. Mie nilikuwa chumbani mkekani, nimepakwa liwa uso mzima, na somo yangu, mama mtu mzima aliyenifunda, amekaa mlangoni kunilinda. Mwali haruhusiwi kusikika. Nikitaka neno, nalinong'ona sikioni mwa somo, naye analitoa nje. Lakini moyo, lo, moyo ulikuwa unaruka kama unataka kutoka kwenda kucheza ngoma peke yake.

Nikasikia magurudumu ya mkokoteni. Wanawake wakapiga vigelegele kabla hajasimama. Nikajisogeza chini ya dirisha lililofungwa nikae tayari kucheka.

"Shikamoo mama," akasema.

Kicheko kikapasuka uani. Mama akajibu kwa madaha, "Marahaba, baba, marahaba! Leo umelala na nani akakutia adabu?"

Mtani akasema, "Mama, bei ya mchele imepanda. Mchele wa zamani umekwisha, tajiri kaleta mwingine jana kutoka mjini na kaununua ghali. Kila gunia limeongezeka." Akaitaja bei yenyewe. "Na kanikataza kushusha mpaka pesa itimie."

Hapo ndipo uwanja ulipoharibika. Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga binzari. Mama wa Bunju mmoja akauliza kama samli nayo imeanza kuuzwa kwa ng'ombe. Mwingine akamwambia arudi kwa tajiri akamwambie kwamba Wazaramo wanalipa kwa maganda ya korosho.

"Wallahi nasema kweli," mtani akasema.

"Anaapa!" mama akapiga makofi. "Jamani njooni muone, Mnyamwezi anaapa!"

"Mama, nisikilize."

"Nikusikilize umekuwa khatibu? Shusha mchele, baba, watu wana kazi."

Hakushusha. Nikasikia magurudumu yanageuka kwenye mchanga. Wale wanawake wakamsindikiza! Walitoka naye mpaka njiani, wanampigia makofi na vigelegele, wanamwimbia, na mama akampigia kelele, "Ukirudi uje na huyo mbuzi!" Wakarudi uani kushika kazi zao huku wanajipangusa machozi ya kucheka, wanamngoja ageuke.

Mie nilikuwa nimecheka nao, nimeziba mdomo kwa upande wa khanga. Halafu kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimekaa gizani na masikio tu, sikuona uso wake wala mikono yake, nilichokuwa nacho ni sauti. Na sauti ile ilianza kwa shikamoo.

Nikamnong'oneza somo, "Kamwamkia mama."

"Kwani kuamkia ni tusi?" somo akanijibu, akanifinya pajani ninyamaze.

"Somo, hajapata kumwamkia."

"Nyamaza, mwali."

Magurudumu yalikuwa yanasikika kwa mbali, yanazidi kwenda. Nje wanaimba. Nilijiambia nitulie, mwali akisikika harusi inatiwa doa, wageni watasema hakufundwa. Kisha nikauona akilini uso wa yule shangazi akifunua sufuria. Basi. Nikapiga ukelele uliotoka tumboni:

"Mama! Yule mtu kakuamkia! Kakuamkia, mama!"

Michi ikasimama. Somo akanirukia, akaniziba mdomo kwa mkono mzima. Bibi mmoja uani akasema, "Astaghafirullah, mwali kasema," na mwingine akasema, "Si kasema, kapiga kelele!" Liwa ilikuwa imeniingia machoni, nami nikangoja mama aje anikemee.

Mama hakuja. Nilimsikia anasema polepole, kwa sauti ndogo, "Kweli. Kaniamkia."

Kisha alikimbia. Mama yangu, mtu mzima, mwenye harusi nyumbani kwake, alikimbia kwenye mchanga ule wa jua kali bila viatu, khanga ya kichwani ikaanguka njiani na hakurudi kuiokota. Ilibidi jirani aiokote airudishe nyumbani.

Yaliyotokea dukani aliyasimulia mwenyewe baadaye. Hakumkuta mtani njiani, alimkuta kwa Mhindi, mkokoteni umesimama mbele ya duka na magunia yetu juu yake. Mhindi hakumdharau. Alimpa kiti, mke wake akaleta maji. Akamwambia, "Mama, bei ya siku ya kuagiza ni mazungumzo. Bei yenyewe ni ya siku mchele unatoka dukani. Na mimi nimeumizwa mjini, si wewe peke yako." Mama alibembeleza. Akapunguziwa kidogo kwenye samli, kidogo kwenye sukari, lakini kwenye mchele yule bwana alitikisa kichwa tu. Kwa pesa ile angepata gunia moja na kipande cha la pili. Mama hakuchukua kitu, akasema anakwenda kufikiri, akatoka.

Alirudi jua la utosi. Nyimbo zilikuwa zimekwisha. Nilisikia anakaa chini upande wa pili wa ukuta wangu, udongo mtupu baina yetu, na nikasikia anavyohema. Mmoja akapendekeza tuongezee mihogo. "Umlishe yule mwanamke muhogo?" mwingine akamuuliza. Nikavua vipuli vyangu, ndivyo pekee baba alivyoniachia, nikampa somo ampelekee mama auze. Somo alitoka, akarudi navyo.

"Kasema uvae," akaniambia. "Kasema bibi harusi hatoki na masikio matupu."

Nililia hapo, nasema kweli. Sikulilia vipuli wala pilau. Nilimlilia yule fundi cherehani, na nilikasirika pia, nilikasirika na mchele, na mji, na shangazi, na hata mtani mwenyewe. Uongo wote ule wa miaka yote, aliutumia wote asibakishe nafasi ya kweli moja!

Jua la alasiri lilianza kushuka. Watu walikuwa wanaongea chinichini namna ya nyumba yenye mgonjwa. Ndipo nikasikia magurudumu. Na juu ya magurudumu, mtu anaimba, tena vibaya. Yakasimama mlangoni.

"Hamjafa tu nyie Wazaramo?"

Niliruka! Niliruka pale mkekani mpaka somo akanishika kiuno. Tusi lile liliniingia masikioni tamu kuliko taarabu. Nilijua, kabla sijaambiwa lolote, nilijua mchele umekuja.

Lakini uani hakuna aliyethubutu kucheka. Mama akasema, "Baba, leo sina nguvu ya utani."

"Bei imeshuka," mtani akasema.

Nikasikia anafungua kamba za mzigo.

"Bei imeshuka, nasema. Toa ile ile mliyopatana siku ile. Au mnataka niondoke tena mnipigie makofi? Nimebeba mizigo ya watu tangu ujana wangu, sijapata kushangiliwa kwa kuondoka na chakula cha watu. Nyie watu mna wazimu."

Nikasikia magunia yanatua. Puu! Puu! Ardhi ilitikisika, na mie nikatikisika nayo. Samli ikashuka, sukari ikashuka, viungo vikashuka. Mama alikuwa bado hajasogea.

"Umeiba?" akauliza.

"Nimekomboa."

Na ndipo akakaa kwenye gunia la mchele, akaomba maji, akasimulia. Mama alipotoka dukani, yeye alimwomba tajiri ruhusa kidogo, akazunguka nyuma ya duka mpaka kwa shangazi wa bwana harusi, maana ilikuwa jirani tu. Uani kwao kumejaa wageni. Kwenye kamba wameanika kanzu mpya ya bwana harusi na joho lake ili vitoke mikunjo. Mtani hakuuliza mtu. Akaitoa kanzu, akaitia kwapani, akavaa lile joho juu ya fulana yake ya jasho, akajilaza kwenye mkeka wa barazani.

"Nikawaambia, bwana harusi ni mimi, nileteeni mke wangu!"

Wale nao ni Wazaramo, wakamjua mara moja. "Mtani! Mtani kaingia!" Shangazi akatoka ndani. Mtani akamweleza bila kuinuka kwamba wanaoa kwa watani zake Mwananyamala na haki yake hajaiona, kwa hiyo nguo hizo hazitoki mpaka zikombolewe. Hiyo ni desturi, hakuna awezaye kuikataa. Shangazi akampa sarafu moja. Mtani akaanza kukoroma. Akaongezewa, akageukia upande wa pili, akakoroma zaidi. Wageni wanavunjika mbavu, na shangazi, mwanamke wa nyumba ya bati, Kinondoni nzima inamtazama, hakuweza kuonekana mbahili siku ya harusi ya mtoto wake. Akafungua fundo la khanga. Akafungua tena. Ilipofika kiasi kile kile kilichoongezeka kwenye magunia yetu, mtani akafumbua macho, akakunja joho vizuri, akamshukuru, akaenda zake dukani.

"Haki ya mtani ni yangu," alisema, "naitumia nitakavyo. Nimeamua kununua mchele."

Mama akasema, kana kwamba anamwuliza mtu aliye mbali, "Kwa hiyo mchele huu..."

"Nusu ya bei kalipa mama mkwe wenu!" alisema, na hapo alidanganya, maana haikufika nusu hata kidogo.

Mama alicheka mpaka akaanguka mchangani. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu baba afariki. Wanawake wakadakia, vigelegele vikarudi, michi ikarudi, na somo yangu, yule aliyenifinya paja, alikuwa amejifunika khanga usoni anatikisika mabega.

"Na akijua?" mama alipopata pumzi aliuliza.

"Atajua. Nitamwambia mwenyewe."

"Usithubutu!"

"Nani aliwahi kuniamini mimi?" mtani akasema, akanyanyua mkokoteni wake.

Ijumaa walianza kupika alfajiri. Harufu ya pilau iliingia chumbani ikanikuta nimekaa tayari, nimevikwa, nimetiwa wanja, sijala kitu toka jana. Shangazi alifika na wanawake wake mapema kuliko walivyosema. Nilimjua kwa ukimya uliotangulia mbele yake. Alikwenda moja kwa moja jikoni. Nikasikia mfuniko wa kwanza unafunuliwa, ukarudishwa. Wa pili. Wa tatu. Somo alikuwa ananishika mkono, na sijui ni nani aliyekuwa akimbana mwenzake zaidi.

"Mashallah," shangazi akasema.

Ah! Neno moja tu, na nikaweza kuvuta pumzi.

Waliandaliwa masinia, wakala, wakaongezwa, wakala tena. Na katikati ya kula, nani anapita uani na ndoo ya maji? Mtani. Akasimama juu ya sinia la shangazi na kusema kwa sauti ile yake ya mtaa mzima:

"Kula, bibi, kula ushibe! Mchele huo umeulipa wewe mwenyewe!"

Jikoni kikaanguka kitu, nafikiri upawa wa mama. Wageni wakaangua kicheko. Shangazi akacheka kuliko wote, akasema, "Mtani huyu ataniua! Jana kanivua pesa kwa kanzu, leo kanigeuza mwenye harusi!" Wakacheka tena, na mtani akaenda na ndoo yake.

Wanaume wakaja na dufu. Baba yangu mdogo akaingia kuniuliza kama nimeridhia, na mie nikaitikia haraka mno mpaka somo akanikanyaga mguu. Nikasikia shehe, nikasikia sauti ya fundi wangu ikikubali, inakwaruza kidogo kwa woga. Vigelegele vikapanda mpaka juu ya minazi. Nimeolewa! Nilitaka kusimama nicheze, nikakaa.

Kisha pazia likafunguliwa na shangazi akaingia peke yake, ameshika sahani. Akamwomba somo atupishe kidogo. Mie nikainamisha kichwa. Akakaa mbele yangu, mikono inanuka samli, akanifunua ushungi na kunitazama sana.

"Hujala toka jana," akasema. Haikuwa swali.

Akaanza kutengeneza tonge kwa vidole, taratibu. Akasema bila kuniangalia, "Mie nanunua duka lile lile, mwanangu. Bei ya mchele niliijua tangu juzi ilipopanda. Nikasema moyoni, vizuri, sasa tutaona. Halafu jana nimesimama dirishani kwangu, nikamwona mama yako anatoka kwa Mhindi. Miguu mitupu, kichwa wazi, mtu mzima yule." Akalibonyeza tonge. "Yule mtani alipokuja kulala kwenye baraza yangu, nilijua anataka kiasi gani na kinakwenda wapi. Ndiyo maana nilimtolea kidogo kidogo, asije akajua kwamba najua."

Nikasahau kwamba mwali haongei. Nikasema, "Shangazi..."

"Hapana. Mama yako ana furaha leo, anadhani mmenishinda. Mwache hivyo hivyo. Ukimwambia nitakana." Akaleta tonge mdomoni mwangu. "Kula."

Nikafungua kinywa, nikala mkononi mwake. Akatengeneza la pili.

Mama na shangazi walikuja kuwa mashoga, haikupita wiki bila mmoja kwenda kwa mwenzake. Siku moja, miaka imepita na mie nina watoto, mama alishindwa kuvumilia, akamsimulia shangazi kisa chote usoni pake, kanzu, joho, magunia, akicheka mpaka machozi yanamtoka. Shangazi akapiga kofi, akashika kichwa. "Kumbe! Ndivyo mlivyonila, nyie watu! Kumbe!" Akamtaka mama arudie pale mtani alipokoroma, na mama akarudia. Shangazi hakunitazama mie hata mara moja.